Kompyuta ya ‘DOS’ ifungwe Linux mbele ya mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanunuzi wa kompyuta mpakato wa jiji hili, na zaidi niseme na wenye maduka ya Kariakoo, Posta na kwingineko wanaowauzia.

Ukisoma kibandiko cha pembeni ya boksi la kompyuta mpya ya bei ya chini, mara nyingi mahali pa mfumo endeshi utakuta pameandikwa “DOS” au “FreeDOS”, mifumo sahili isiyo Windows, au “Ubuntu”, aina mojawapo ya Linux, mfumo endeshi wa bure. Maana yake kiwanda hakikulipia leseni ya Windows kwa mashine hiyo. Mteja haambiwi. Kijana wa dukani anachomeka flashi, anaipiga Windows, anaiamsha kwa programu ya kukraki (kuvunja kufuli la leseni), na baada ya muda mfupi mteja anaondoka akiamini ana Windows halali kwa kuwa imetoka dukani na ana risiti mkononi. Ombi langu ni moja: mashine iliyotoka kiwandani bila Windows iuzwe ikiwa na Linux iliyofungwa vizuri na kujaribiwa, na mteja ajue anachonunua.

Nianze na hiyo Windows ya bure, kwani wengi hawajui kilichomo ndani yake. Njia iliyozoeleka ni ya KMS. Microsoft iliitengeneza kwa ajili ya ofisi kubwa: badala ya kila kompyuta kuthibitisha leseni yake huko Microsoft, zote huiuliza seva ya ofisi, na jibu hudumu siku 180. Programu ya kukraki hujifanya ndiyo seva hiyo. Ili isifutwe, fundi huzima Defender, kinga ya Windows dhidi ya virusi, au huiambia isiguse folda fulani, na mlango huo hubaki wazi siku zote, kwenye kompyuta ambayo mwenyewe anaingilia akaunti ya benki na barua pepe za kazi. Defender ikija kuamka na kuifuta ile programu, siku 180 zikiisha maandishi ya “Activate Windows” hujitokeza kwenye kona ya kioo, na mteja anarudi kulipa tena.

Kuipima ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, kisha Enter. Kompyuta yako binafsi ikitaja tarehe ya kuisha, hiyo ni KMS. Isipotaja tarehe usitulie bado, maana zipo njia nyingine za kukraki zinazopita kipimo hiki. Leseni halisi ya Windows 11 Home kwenye duka la Microsoft la Marekani ni dola 139, yaani zaidi ya laki tatu kwa fedha zetu. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kama zinavyolindwa kazi nyingine za ubunifu, kwa hiyo duka linalokraki kila mashine linamuuzia mteja tatizo la kisheria bila kumwambia.

Mashine za mtumba ni habari nyingine, na hapa nawatetea wauzaji. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad zilizotumika maofisini ng’ambo nyingi zina ufunguo halali wa Windows uliohifadhiwa kwenye ubao mama, desturi iliyoanza na Windows 8 mwaka 2012. Washa Linux kutoka kwenye flashi, fungua dirisha la amri, andika sudo cat /sys/firmware/acpi/tables/MSDM. Ufunguo ukiwepo utauona mwishoni mwa mstari. Windows hiyo ni haki ya mwenye mashine, na fundi anaweza kuiweka upya bila kukraki chochote.

Tatizo la mtumba ni umri. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukiondoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa waliojiandikisha. Windows 11 nayo haizikubali rasmi chipu za Intel Core zilizo chini ya kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Kizazi kinasomwa kwenye namba: i5-6300U ni cha sita, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. EliteBook 840 G3 na Latitude E7470, ambazo ni mashine imara na zinapatikana kirahisi, ni za kizazi cha sita. Mafundi huzipiga Windows 11 kwa kuuruka ukaguzi, nayo hukaa, lakini matoleo makubwa yanayofuata hayaji yenyewe na mteja hubaki nyuma bila kujua. Mashine hizohizo zikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 huiendesha Linux Mint 22, aina nyingine ya Linux, bila kuhema, na toleo hilo litapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029.

Sasa, kuuziwa kompyuta ikiwa na Linux tayari kuna thamani gani, ikiwa Linux yenyewe ni ya bure na kila mtu anaweza kuipakua? Thamani ni ile kazi ya kujaribu. Dell ilipoanza kuuza XPS 13 yenye Ubuntu mwaka 2012, na Lenovo ilipoanza kuweka Ubuntu na Fedora kwenye ThinkPad kadhaa mwaka 2020, mnunuzi hakuwa analipia programu. Alikuwa analipia uhakika kwamba chipu ya waifai, sauti, kamera na kulala kwa kompyuta vimechaguliwa na kupimwa vikiwa na kerneli, yaani kiini, ya Linux. Kampuni kama System76 ya Marekani na Tuxedo ya Ujerumani zinaishi kwa kazi hiyo tu. Mashine zao si za kuzikuta kwenye rafu za Kariakoo. Kwa hiyo hapa kwetu, kazi ambayo kule inafanywa kiwandani inabidi ifanyike juu ya meza ya duka, na haihitaji maabara. Inahitaji flashi ya GB 8, faili la Linux Mint lenye ukubwa wa karibu GB 3, na dakika ishirini za uvumilivu.

Kabla hata ya kuwasha, uliza modeli kamili, siyo “HP i5” tu. Canonical, wenye Ubuntu, wana orodha ya wazi ya modeli zilizopimwa na kuidhinishwa. Andika jina la modeli kwenye tovuti yao uone. Modeli ikiwemo, hatari imepungua sana. Ila kuna jambo moja linalowapotosha hata mafundi wazuri: Ubuntu inayotoka kiwandani mara nyingi huwa na kerneli maalumu ya watengenezaji. Ukiifuta ukaweka Ubuntu 24.04 ya kawaida, kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana kinaweza kukataa leo. Dawa ni kuongeza kifurushi kinachoitwa linux-oem-24.04. Na kama boksi limeandikwa Ubuntu, bora usiifute kabisa.

Ingia kwanza kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama, kabla mfumo endeshi haujawaka): F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad nyingi. Kwa mtumba hatua hii ni ya lazima, kwa sababu mashine za ofisi huja zikiwa na nywila ya BIOS ambayo muuzaji mwenyewe haijui. Ikidai nywila, irudishe rafuni. Ukiwa humo ndani, angalia namna diski ilivyopangwa. Ikiwa ni RAID au Intel RST, kisakinishi cha Linux huenda kisiione diski kabisa, na fundi asiyejua atasema SSD imekufa. Ibadilishe iwe AHCI. Kwenye mashine za kizazi cha kumi na moja na kuendelea, mhusika huitwa VMD; izime. Lakini kama kuna Windows unayotaka kuibakiza, usibadilishe bila maandalizi, kwani itagoma kuwaka.

Kisha washa kutoka kwenye flashi: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Linux Mint hufunguka nzima bila kugusa diski, na hapo ndipo mteja anapopaswa kuvuta kiti akae.

Kinachosumbua kuliko vyote ni waifai. Chipu za Intel hazina maneno. Za Broadcom nyingi hudai draiva (programu ya kukiongoza kifaa) ambayo haimo kwenye flashi kwa namna ya kuwaka yenyewe. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushirikisha intaneti kwa USB, kisha fungua Driver Manager uichague. Za Realtek zinategemea umri wa kerneli: RTL8821CE iliwatesa watu miaka mingi kabla draiva yake haijaingizwa ndani ya Linux yenyewe. Amri ya lspci -nnk itakuonyesha jina la chipu, na chini yake draiva inayoiendesha. Pasipokuwa na mstari wa “Kernel driver in use”, chipu hiyo haina wa kuiongoza.

Cheza sauti, jirekodi kwa maikrofoni, fungua kamera. Baadhi ya mashine mpya za bei kubwa zina kamera za Intel za aina ya IPU6 ambazo Linux bado inazihangaikia, kwa hiyo bei kubwa haikuondolei ulazima wa kujaribu. Kisoma alama za vidole kihesabu kuwa hakipo mpaka kithibitike. Chomeka HDMI kwenye televisheni ya dukani. Yenye kadi ya picha ya Nvidia inahitaji draiva yake, na kama Secure Boot (ulinzi wa kuwasha ulio kwenye BIOS) imewashwa, kompyuta itakapojiwasha upya itatoa kioo cha bluu chenye maneno “Enroll MOK”. Wengi huogopa na kukiruka, draiva haipandi, na HDMI inakataa. Chagua hayo maneno, weka nywila uliyoitunga wakati wa kuweka draiva, endelea.

Jaribio linalosahaulika ni la kulala. Funga kifuniko, uiache dakika kumi, ufungue. Ikigoma kuamka au ikiwa ya moto, usinunue kwa ahadi kwamba itarekebishika. Andika cat /sys/power/mem_sleep: ukiona [s2idle] peke yake bila neno deep, jua kwamba ndani ya begi, kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, betri itaendelea kuliwa kidogo kidogo.

Na betri yenyewe, kwa mtumba, usiamini asilimia ya chaji inayoonekana kwenye kona. Andika upower -d, tafuta mistari miwili: energy-full-design na energy-full. Wa kwanza ukiwa 50 na wa pili 30, betri imebakiza asilimia 60 ya uwezo wake wa awali, na bei ishuke kulingana na hapo. Afya ya SSD husomwa kwa smartctl, iliyomo kwenye kifurushi cha smartmontools.

Mteja wa Dar es Salaam ana hofu nyingine ambayo vitabu vya kigeni havijali: bando. Hofu hiyo ni ya haki. Ubuntu hutumia programu za mtindo wa snap, ambazo hukagua masasisho mara kadhaa kwa siku na kujisasisha zenyewe, na GB moja inaweza kuondoka hujui imekwenda wapi. Amri ya sudo snap refresh --hold huzizuia mpaka utakapoamua mwenyewe. Linux Mint haina snap, na kisasishaji chake hukujulisha kwanza, hakipakui programu bila ridhaa yako. Kwa sababu hiyo peke yake naipendekeza kwa anayetumia data ya simu. Ila unapochukua programu kwenye Software Manager, chagua ile ya “System Package” badala ya Flatpak, kwani Flatpak ya kwanza huweza kudai mamia ya MB za ziada kwa programu ndogo tu. Masasisho ya programu ya ndani ya ubao mama, yanayokuja kwa amri ya fwupdmgr update, yafanye betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati na betri ikawa mbovu, ubao unaweza usiwake tena.

Watu huuliza kuhusu mifumo ya serikali. Kuomba mkopo HESLB, Ajira Portal, usajili wa BRELA, zabuni za NeST: vyote hufunguka kwenye kivinjari, na Firefox na Chrome zipo kwenye Linux. Mwenye mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi) inayounganishwa na kompyuta amuulize kwanza aliyemuuzia kama programu yake inakubali Linux.

Kwa wanafunzi, kikwazo ni Word. LibreOffice hufungua faili za docx, lakini ripoti iliyopangwa kwa Times New Roman 12 hubadilika kurasa kama fonti hiyo haipo. Weka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer. Katikati ya kazi kitaonyesha masharti ya leseni ambayo kipanya hakiwezi kuyabofya. Bonyeza Tab mpaka “OK” iwake, halafu Enter. Wengi hukwama hapo wakafunga dirisha, na fonti haziji. Calibri na Cambria zina mbadala wenye vipimo vilevile, Carlito na Caladea. Na ukienda kuchapisha stationery, peleka PDF. Vile virusi vya flashi vinavyogeuza folda kuwa “shortcut” haviwaki ndani ya Linux, lakini flashi yako bado inaweza kuvibeba hadi kwa mwenzako mwenye Windows, kwa hiyo vifute unapoviona.

Nikumbushe pia kwamba programu hizi si ngeni hapa. Ni katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambako mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo ilizaliwa kutokana na OpenOffice hiyohiyo. Wataalamu tunao, na tulikuwa nao zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Lakini asidanganywe mtu. Mhasibu anayeishi kwa TallyPrime au QuickBooks ya kuweka kwenye kompyuta, mchora ramani wa AutoCAD, Revit au ArchiCAD, studio inayotumia Photoshop na Premiere: hawa wanunue Windows halali, au mashine yenye ufunguo kwenye ubao. Duka linalowaambia “utatumia Wine tu”, yaani programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, linawauzia kero. Printa nazo zina zao. Za HP nyingi hukubali, ila LaserJet P1102 na ndugu zake hudai kuendesha hp-plugin kwanza, huku intaneti ikiwepo. Canon LBP2900, iliyo kipenzi cha stationery nyingi, ni ngumu. Kama ndiyo unayoitegemea, nenda nayo dukani ukaijaribu.

Anayetaka zote mbili kwenye diski moja aanze na Windows, azime Fast Startup, la sivyo Linux itaisoma diski ya Windows bila kuweza kuandika. Achukue pia ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) kutoka kwenye akaunti yake ya Microsoft kabla ya kugusa chochote kwenye BIOS. Baadaye atashangaa saa ya Windows kurudi nyuma saa tatu kila atokapo Linux. Linux huweka saa ya ubao kwa majira ya UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huondoa tatizo hilo.

Kwa wenye maduka, Linux Mint imewawekea njia yao maalumu. Flashi ikiwaka, kwenye menyu ya kwanza chagueni “OEM install (for manufacturers)” badala ya ile ya kawaida. Mtaifunga mashine kwa jina la muda la oem, mtaweka draiva, fonti na masasisho, mtajaribu kila kitu mbele ya mteja. Mkimaliza, bofyeni “Prepare for shipping to end user” na kuizima. Mteja akiiwasha nyumbani, itamuuliza lugha, saa za eneo, jina na nywila yake mwenyewe, na lile jina la muda litafutika. Nywila ya fundi haibaki ndani. Mnaweza kuandaa mashine kumi asubuhi zikawasubiri wanunuzi.

Na kwenye risiti ya EFD, au kwenye karatasi ya dhamana inayobanwa nayo, andikeni modeli kamili, namba ya mashine, maneno “Linux Mint 22”, na kwamba waifai, sauti, kamera, HDMI na kulala vimejaribiwa. Mistari miwili inatosha. Mteja akirudi baada ya wiki kusema waifai haishiki, wote wawili mtakuwa na pa kuanzia.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam